Mama, RV na mizabibu ya New York

Niliahidi kuandika kuhusu safari yetu ya mwisho wa Septemba, nikapiga kalenda weee mpaka watu wameanza kunitumia meseji, haya leo nimejaza kikombe kikubwa cha chai na naandika mpaka mwisho, labda Neema aamke.

Kwanza niseme mimi ni mtoto wa Hombolo. Wanaoijua Dodoma wameshaelewa, kwa wengine ni kama kilomita 40 hivi kutoka mjini, na huko mizabibu ni kitu cha kawaida kama migomba ilivyo kwa Wahaya. Nimekulia humo humo. Nimepogoa, nimefukuza ndege kwa debe, nimebeba kreti la zabibu kichwani nikiwa darasa la tano, lakini mvinyo wenyewe nimekuja kuuonja nina miaka 24, tena Dar, tena kwenye harusi ya mtu nisiyemjua vizuri. Kwetu zabibu ilikuwa ni ada. Lori la mnunuzi likija tunaenda shule na viatu vipya, lisipokuja tunakula zabibu mpaka tumbo linauma, zinazobaki wanakula mbuzi. Nani aliyekuwa anakunywa hiyo mvinyo sikuwahi kujiuliza.

Sasa Mama alikuja kututembelea huku Maryland, miezi mitatu, na baada ya mwezi mmoja alishachoka kukaa ndani anaangalia theluji isiyoanguka (alikuja na masweta manne, mwezi wa nane!). Baba Neema akasema tumpeleke mahali aone mashamba. Mi nikasema New York. Akashtuka, mashamba New York? Ndiyo, jimbo siyo jiji, ile ya juu, Finger Lakes, maziwa 11 membamba yamelala sambamba kama vidole, na pembeni yake ni mizabibu mitupu. Nilikuwa nimeitamani safari hiyo miaka, tatizo lilikuwa ni lile lile la kila anayetaka kuzunguka viwanda vya mvinyo: nani anaendesha? Ukionja sehemu nne, hata kama ni vifunda, huwezi kushika usukani, na polisi wa hapa hawana mambo ya "tuelewane". Ndo likaja wazo la RV, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani, yaani unaonja hapo, unalala hapo hapo, asubuhi akili imetulia unaondoka.

Kuna mpango unaitwa Harvest Hosts, unalipa uanachama wa mwaka, alafu wakulima na wenye viwanda vya mvinyo wanakuruhusu upaki RV yako kwao usiku mmoja bure. Masharti ni gari liwe na choo chake na tenki zake ndani, usitegemee umeme wala bomba la mwenyeji, na ustaarabu ni ununue kitu. Kwa mtu aliyekulia kwetu hili halihitaji maelezo, mgeni akifika anakaribishwa na yeye haji mikono mitupu.

Gari tulikodi la futi 25, lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dreva. Kampuni siitaji, ila walituonyesha kila kitu kwa dakika 15 kama mtu anayewahi daladala ya mwisho, wakasema tenki la choo ni tupu kabisa. Halikuwa tupu. Tuligundua siku ya pili, taa nyekundu inawaka na harufu inasema yake, ikabidi tutafute sehemu ya kumwaga. Baba Neema alivaa glovu mpaka kwenye viwiko, amefunga taulo puani, anaunganisha lile bomba huku anasali. Mama amekaa kwenye kiti cha kukunja anamwangalia, akasema taratibu, "Mwanangu, yaani mmelipa hela zote zile ili mje kumwaga choo?" Hakuna aliyemjibu.

Barabara ni nzuri ila ndefu, tulipanda mpaka Harrisburg, tukafuata mto Susquehanna, Williamsport, alafu US 15 mpaka karibu na Corning. Kwa gari dogo ni masaa matano na kidogo, sisi tulitumia karibu nane maana RV upepo ukivuma inayumba kama mlevi na kila sufuria kabatini linapiga kelele, alafu Mama alikataa katakata tusimame McDonald's wakati yeye amebeba unga wake na mlenda mkavu kutoka Dodoma. Kwa hiyo ugali tumesonga kwenye maegesho ya malori Pennsylvania, dirisha wazi, na dreva mmoja wa lori akasogea kuuliza tunapika nini.

Kesho yake asubuhi tukaliona ziwa Seneca. Mama akanyamaza. Alafu akauliza swali ambalo mi sikuwahi kulifikiria, "Hapa si ndo mnasema baridi inaua ng'ombe? Zabibu inaishije?"

Jibu nilipewa kituo cha kwanza na mdada aliyekuwa anatumiminia. Maziwa haya yalichongwa na barafu za zamani sana, ni membamba lakini yana kina cha kutisha, Seneca linafika mita 188. Maji mengi hivyo yanachelewa kupoa, kwa hiyo wakati wa baridi kali ziwa linapumua joto kwenye yale mashamba ya kwenye miteremko, na mwezi wa nne jua likianza kudanganya miti ichipue mapema, ziwa bado la baridi linaichelewesha mpaka hatari ya barafu ipungue. Ndo maana mizabibu iko pembeni ya maji tu, ukisogea ndani kidogo ni mahindi na ng'ombe. Alafu kabla ya baridi wengi wanapita na trekta wanarundika udongo kwenye shina, pale mzabibu ulipounganishwa na mizizi ya aina nyingine, wanaufunika mpaka majira ya kuchipua. Mama alicheka mpaka machozi. Wanaufunika! Kama mtoto!

Kwetu ni kinyume, hakuna baridi ya kuulaza mti, kwa hiyo ni wewe mkulima na mkasi wako ndo unaulaza na kuuamsha. Ukipogoa, unachipua, na ndo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mama alimweleza yule mdada kwa Kiswahili, mi natafsiri, na yule mdada akaita mwenzake aje asikie. Mara mbili? Mara mbili. Mama akanyanyua shingo kidogo, mnajua mama zetu.

Mama hanywi, niseme hapo. Ni Muanglikana wa ile ya umama wa kanisa, kitambaa kichwani na kila kitu. Alikuwa anakuja kuonja kama anavyoenda sokoni, kuangalia. Unalipa dola kumi, kumi na tano, wanakuwekea glasi tano moja moja, kila moja kifunda, na pembeni kuna kindoo cha kutemea. Kile kindoo kilimuuma sana. "Wanatema? Wamelipa, alafu wanatema?" Nikamweleza wanaonja tu wasilewe. Akasema basi waonje zabibu.

Ila pua anayo! Walituletea Riesling, mvinyo mweupe, ya zamani kidogo, ile kavu isiyo na sukari, mi nainusa naona limau, naona asali kwa mbali, najitahidi kutafuta maneno ya kitaalamu. Mama akachukua glasi yangu, akanusa mara moja tu, akasema, "Hii imekaa karibu na kibatari." Nikaona aibu kutafsiri, nikatafsiri hivyo hivyo, mafuta ya taa. Yule mmiminaji akapiga meza, ndo yenyewe! Kumbe Riesling ikikaa miaka inatoa harufu hiyo, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo. Tangu siku ile kila kituo ilikuwa mpeni Mama anuse kwanza. Cabernet Franc, ile nyekundu, akasema hoho. Waini ya zabibu za Concord, zile za asili ya Marekani, akasema bigijii, na kweli ina ile harufu ya pipi, watu wa mvinyo hawaipendi wanaiita ya kishamba. Mi naipenda tu, tusidanganyane, ulimi uliokuzwa na harusi zenye Dompo, ule mvinyo mtamu wa kwetu, unataka utamu.

Hiyo Concord ikaleta mazungumzo mengine maana Mama aliona juisi yake inauzwa kwenye chupa akauliza kama ni ya kanisani. Swali zuri! Mwaka 1869 kuna daktari wa meno, Mmethodisti, anaitwa Thomas Welch, wa Vineland kule New Jersey, alichemsha juisi ya Concord ili isichache, akitaka kanisani watu washiriki Meza ya Bwana bila kilevi. Ndo ile Welch's iliyojaa madukani mpaka leo. Mama alinunua chupa sita. Uzito wa mzigo wake wa kurudi niliuona hapo hapo.

Siku ya tatu tukahamia ziwa Keuka, lile lenye umbo la Y, barabara imepinda imepanda, pale Penn Yan tulikuwa nyuma ya kigari cha farasi cha Wamenonaiti, wale Wakristo wa kizamani wasioendesha magari, kwa dakika kumi na hakuna aliyelalamika. Mwisho wa Septemba hewa yenyewe inanukia zabibu, sitanii, unafungua dirisha unahisi mtu anachemsha jamu. Tulikuwa tunaelekea kwa Dr. Konstantin Frank, juu ya Hammondsport, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hii ni hadithi ya mbeba boksi mwenzetu.

Huyu mzee alizaliwa 1899, alikuwa mtaalamu wa mizabibu kule Ukraine, udaktari wake aliupata kwa kusomea zabibu zinavyoishi kwenye baridi. Akafika Marekani 1951, umri umeenda, vita imemsomba, Kiingereza hamna. Akaenda kwenye kituo cha utafiti cha Geneva, hapa hapa Finger Lakes, akitarajia watamsikiliza. Wakampa jembe apalilie vichaka vya blueberry. Daktari mzima. Nani kati yetu hajui mtu wa namna hii, injinia anayesukuma viti vya wagonjwa, mwalimu wa kemia anayefunga mizigo usiku? Na wakati huo wataalamu walikuwa wanasema zabibu za Ulaya haziwezi kuishi New York, baridi inaziua, bakini na Concord zenu. Yeye anasema si baridi, kule nilikotoka ni baridi zaidi, shida yenu ni mizizi, unganisheni na shina linalovumilia. Hakuna anayesikiliza lafudhi.

Aliyekuja kumsikiliza ni Mfaransa, Charles Fournier, aliyekuwa mkubwa wa kiwanda cha Gold Seal, naye mgeni. Akamwajiri, wakajaribu maelfu ya vipando na mizizi mbalimbali, na Riesling ikapona baridi. Mwaka 1962 mzee akafungua kiwanda chake, Vinifera Wine Cellars. Leo kila Riesling utakayokunywa kwenye maziwa haya ina deni kwa yule mpalilia blueberry. Shambani kwake wana mpaka zabibu za Georgia, ile ya Caucasus, Rkatsiteli na Saperavi, hiyo Saperavi ni nyeusi tii inapaka meno rangi, Baba Neema alitabasamu kwenye picha kama mtu aliyekula zambarau.

Mama aliisikiliza hadithi hii yote nikimtafsiria, hakusema kitu. Akatoka nje akaenda kwenye mizabibu. Nikamkuta ameinama anageuza majani kuangalia kwa chini, anatafuta ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu. Akasema wamepiga dawa vizuri, ila vichala ni vidogo, sisi tunawashinda. Akasema na waya wao ni mzuri na nguzo hazina mchwa, wana bahati.

Usiku ule wa mwisho ndo uliokaa kichwani mwangu mpaka leo. Tulirudi Seneca, upande wa mashariki, tukalala kwa familia moja yenye kiwanda kidogo, kibanda cha mbao tu na mapipa. Tulipaki pembeni ya mizabibu yenyewe, ukinyoosha mkono dirishani unagusa jani. Mama akapika samaki wa kukaanga na mlenda, mwenye shamba akaja kutusalimia na chupa, mzee wa miaka sabini hivi, mikono kama ya baba yangu marehemu. Alikaa nasi saa nzima. Ugali alikula, mlenda aliusikilizia kwanza. (Riesling kavu na samaki wa kukaanga, jaribuni jamani. Baba Neema anadai hata na mlenda inakwenda, hapo yuko peke yake.)

Mama akaniambia, muulize nani ananunua zabibu zake.

Yule mzee akacheka. Akasema wakati wa baba yake walikuwa wanauza kwa kampuni kubwa, zilikuwa chache, zinapanga bei, na siku wakisema mwaka huu hatuchukui, basi. Zabibu inabaki kwenye mti. Sheria za New York wakati ule mkulima mdogo kutengeneza mvinyo na kumuuzia mtu mlangoni kwake ilikuwa ngumu sana na leseni ni ghali. Mwaka 1976 ndo ikapita sheria ya viwanda vya shambani, mkulima akaruhusiwa atengeneze kwa zabibu zake na auze moja kwa moja kwa anayepita njia. Wakati sheria inapita jimbo zima lilikuwa na viwanda visivyozidi 20. Sasa hivi vimepita 400. Akasema baba yake alianza na mapipa matatu ghalani na meza moja barabarani.

Natafsiri huku naona sura ya Mama inabadilika. Kwa sababu hiyo "mwaka huu hatuchukui" anaijua. Mwaka mmoja nikiwa sekondari lori halikuja, mnunuzi hakusema lolote, tumeshavuna, na zabibu haisubiri kama mtama. Siku ya nne zinaanza kuvuja. Nzi, nyuki, harufu. Baba alisimama barabarani na kreti anauza kwa bei ya nyanya. Mama alikausha kidogo juu ya bati, nyingine tukachimbia. Na kilomita chache tu kutoka pale watu wanatengeneza mvinyo kwa zabibu hizo hizo, Dodoma mzima inasifiwa kwa mvinyo tangu wamisionari wa Kiitaliano walete vipando miaka ya hamsini, lakini sisi hata chupa moja hatukuwa nayo mezani.

Mama akamwambia, na hii niliitafsiri kwa shida kidogo kwa sababu sauti yangu ilikuwa haijakaa sawa, "Mwambie sisi lori lilikuwa halina hata adabu ya kusema." Mzee akatingisha kichwa. Akammiminia Mama juisi ya zabibu kwenye glasi ile ile ya mvinyo, akamgongea.

Baadaye tukampigia Baba Mdogo Hombolo, WhatsApp video, kwao kulishakucha. Mama anazunguka na simu na tochi kwenye mizabibu usiku, amejifunga kanga mbili na sweta, anamwonyesha nguzo, waya, vyavu vya ndege, kibanda. "Watu wanakuja wenyewe," anamwambia, "na magari yao, wanalipa kuonja tu." Baba Mdogo akauliza wanalipa shilingi ngapi, nikabadilisha kichwani nikamwambia kama elfu 40. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Alafu akauliza, "Kuonja au kulewa?" Kuonja, Baba. "Na kile kibanda amejenga kwa mbao za nini?"

Tulirudi Jumapili, gari tukarudisha, kampuni ikatukata dola 75 kwa kusema tumerudisha tenki chafu (nacheka kwa uchungu). Wakati natoa vitu kwenye friji la RV, nyuma ya chupa za juisi, nikakuta kitu kimeviringishwa kwenye kitenge kilicholowa. Nafungua, pingili nne za mzabibu, zimekatwa vizuri, ncha ya chini mshazari kama anavyokata siku zote.

Nikamwita. Mama hivi nini? Akasema yule mzee kanipa, nimemuomba kwa ishara asubuhi mlipokuwa mnakunja viti. Nikamweleza huwezi kupanda nazo ndege, uwanjani watazichukua, kuna karantini, magonjwa ya mimea, vibali, hata kutoka jimbo hadi jimbo sina uhakika kama tumefanya sawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na yule Frank wako alikuwa anatoa wapi za kwake?"

Ameondoka bila pingili. Ziko hapa barazani kwenye ndoo iliyokuwa ya siagi ya karanga, tatu zimekauka. Ya nne ina jani moja, na kila Jumamosi akipiga simu, kabla ya shikamoo yangu haijaisha, anataka nigeuze simu alione.